Pumzi ya Mkaguzi

Katika kiwanja kile cha mbio za magari, zoezi la kutoka garini halikupimwa kwa saa. Lilipimwa kwa pumzi. Dereva alifungwa mikanda yote, akavaa helmeti na glavu, akashika usukani kana kwamba yuko mwendoni. Mkaguzi alisimama mbele ya boneti, mahali anapoonekana vizuri, akainua mkono, na wote wawili wakavuta pumzi kwa pamoja, wakaizuia. Mkono uliposhuka, dereva alianza kazi: azime injini, achomoe usukani, afungue kifungo cha mikanda, asukume mlango, atoke, na asimame kwa miguu yake mwenyewe ng'ambo ya mstari mweupe uliochorwa kwenye sakafu ya karakana. Mkaguzi akipumua kabla dereva hajavuka mstari, dereva hakuendesha siku hiyo, awe nani, awe ametoka wapi.

Wageni walicheka waliposikia kanuni hiyo kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamekuja kuonja mwendo ambao barabara za kawaida zinaukataza, mahali pasipo na mtembea kwa miguu, wala baiskeli, wala gari linalokuja mbele. Na badala ya kukabidhiwa funguo, walifundishwa kwanza namna ya kushuka. Mzee aliyekianzisha kiwanja hakucheka nao. Aliitwa Mzee Kamba, kwa kuwa alipita kwenye kona kana kwamba gari lake limeshikwa na kamba iliyovutwa kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho wake. Katika ujana wake alimtoa rafiki yake kwenye gari lililokuwa likifuka moshi tu, bila ndimi za moto. Mwili haukuwa na hata lengelenge.

"Hakuungua," alikuwa akiwaambia wageni, kwa sauti isiyo na simanzi wala mbwembwe. "Alivuta pumzi moja akiwa bado anakitafuta kifungo. Kwa hiyo hapa kwetu saa haina kazi."

Mkaguzi alikuwa binti yake. Alikuwa na sauti ya chini na macho yasiyo na haraka, na pumzi yake ilijulikana. Madereva wa siku nyingi walisema ni pumzi ya haki, haikumhurumia mtu wala haikumkomoa mtu. Walioshindwa walisononeka, wakarudi nyumbani, wakafanya mazoezi kwenye viti vya sebuleni kwao huku watoto wakiwacheka, kisha wakaja tena. Hapakuwahi kutokea ugomvi.

Ugonjwa wa mzee ulianzia kwenye vidole. Kwanza alishindwa kufungua vifuniko vya chupa, akasingizia viwanda. Kisha vifungo vya shati vikamshinda, na mke wake akaanza kumfungia kila asubuhi bila kulizungumza jambo hilo, kama vile ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu zamani. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba misuli ingeendelea kusinyaa, kwamba mikono ingefuata, na baada ya mikono, sehemu nyingine za mwili. Viganja bado vilishika. Mzee aliweza kuubana usukani na kuuzungusha kwa mabega. Alichokosa ni nguvu ya kubonyeza.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya msimu, mama alimfuata binti jikoni, akaufunga mlango nyuma yake.

"Leo atataka kuendesha," alisema.

"Najua, Mama."

"Na wewe ndiye utakayempima."

"Kila siku mimi ndiye ninayepima."

Mama alichukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi. "Mwanangu, msimu ujao mikono haitainuka. Daktari amesema mbele yako. Utamweka pale dirishani kama mto wa kiti, aangalie wenzake wanavyopita. Leo bado anaweza. Mpe."

"Mama, hiyo kanuni aliiweka yeye."

"Aliiweka alipokuwa na vidole."

Mlango ulisukumwa kwa bega, na mzee akaingia, mikono yake mifukoni, shati lake limefungwa hadi shingoni.

"Mnaniteta?"

"Tunakusifia," alisema mama.

"Basi mngepaza sauti. Sifa hazifungiwi mlango."

Kiwanjani walimkuta mtu waliyemwita Tani, muuza mbao mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, ambaye alikuwa ameshindwa zoezi mara nyingi kuliko mgeni mwingine yeyote na hakuwahi kukata tamaa. Tumbo lake ndilo lililomponza. Lilifika mlangoni kabla yake na likakataa kupita. Siku hiyo alikuwa amekonda kidogo, na alitaka kila mtu aone.

"Mzee wangu," alisema, akimpokea kwa mikono miwili, "ukishindwa leo usijali. Pale kwenye benchi la aibu nina nafasi yangu ya kudumu, nitasogea ukae."

"Ukisogea wewe, Tani, benchi litabaki?"

Fundi wa magari alicheka mpaka akaangusha spana. Hata mama, aliyekuwa akimvisha mzee glavu kidole kwa kidole, alitabasamu bila kuinua macho.

Gari la mzee lilikuwa la rangi ya kijivu, fupi, lenye viti viwili tu na nondo za chuma zilizopindwa juu ya vichwa vya waliokaa. Fundi alimfunga mikanda. Kila dereva alifungwa na fundi, kwa hiyo halikuwa jambo la fedheha. Mkaguzi alikwenda mbele ya boneti. Alikuwa amesimama mahali pale siku nyingi mno, lakini kwa mara ya kwanza aliona jinsi uso wa baba yake ulivyokuwa mdogo ndani ya helmeti.

Aliinua mkono. Wakavuta pumzi. Mkono ukashuka.

Mzee alizima injini kwa kifundo cha mkono. Usukani aliukumbatia kwa kiwiko, akauvuta, ukachomoka, akautupa juu ya dashibodi. Hapo alikuwa amekwenda vizuri. Kisha akafika kwenye kifungo cha mikanda, pale kifuani. Alikiwekea dole gumba, dole gumba likateleza. Alikiwekea kiganja, kiganja kikakosa uzito. Aliinama, akajikunja, akakijaribu kwa upande.

Mkaguzi alipajua mahali pumzi yake inapoishia. Alifika hapo. Kila siku, hapo ndipo alipofungua mdomo na kusema maneno yaliyopangwa: dereva hajatoka. Hakufungua mdomo. Alipita mahali hapo, akaingia sehemu asiyoijua, na masikio yake yakaanza kuvuma. Kupitia kioo cha mbele aliitazama miwani ya helmeti ya baba yake. Iliingia ukungu, ikatakata, kisha ikaingia ukungu tena. Baba alikuwa akipumua. Aliona waziwazi, kama mtu anavyoona mvuke kwenye dirisha la chumba chenye mgonjwa, na bado akaendelea kuifunga midomo yake, macho yakimwona baba kwa mbali kama aliye mwisho wa bomba.

Mzee alikiinulia kifungo kiwiko, akakipiga. Mikanda ikaachia. Alisukuma mlango kwa bega, akaporomoka nje, akajizoa, akavuka mstari, akasimama.

Mkaguzi alitoa pumzi kwa sauti iliyofanana na ya mtu aliyepigwa.

"Kapita!" alisema Tani, akipiga makofi. Makofi yake yalianza kwa nguvu, kisha yakapungua, yakaisha kabla ya wakati wake. Fundi alikuwa akiitazama spana.

"Dereva ametoka," alisema mkaguzi. Kisha akaongeza, "Nitakaa naye."

Aliruhusiwa. Mkaguzi alikuwa na hiari ya kukaa na dereva yeyote aliyemtilia shaka. Alijiambia kwamba akiwa kando ya baba yake, lolote likitokea angekifungua yeye kifungo kile. Alijiambia hivyo akijua kuwa kanuni ilikataza hesabu ya namna hiyo, kwa sababu yule rafiki aliyekufa zamani naye alikuwa na mtu kando yake.

Fundi aliwafunga mikanda, mshika bendera akawapungia bendera ya kijani, wakatoka.

Mzunguko wa kwanza mzee aliyapa matairi nafasi ya kupata joto. Waliongea kupitia waya uliounganisha helmeti zao, na sauti yake ilimfikia binti ikiwa ndani kabisa ya sikio, kama alivyokuwa akimsimulia hadithi utotoni. Alimwonyesha mahali lami ilipotitia, mahali ilipotiwa kiraka. Walipoingia kwenye sehemu iliyonyooka kwa mara ya pili, alikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Binti alikuwa amekulia katika kiwanja hicho na alijua maana ya mwendo. Hata hivyo kulikuwa na kitu katika mguu wa baba yake ambacho hakuwahi kukiona kwa mtu mwingine. Gari halikuruka. Lilikaza, kama mnyama anayekusanya mgongo wake, na dunia ikaanza kufutika kwanza pembeni, nyasi zikawa rangi tu, uzio ukawa mstari, mpaka kikabaki kitu kimoja chenye umbo, nacho ni lami iliyokuwa ikiwajia. Mshale wa mwendo ulipita alama ambazo madereva wengi waliziona kwenye picha tu. Sauti ya injini ilipanda hadi ikaacha kuwa kelele, ikawa aina ya ukimya.

"Nilipumua," alisema mzee.

"Niliona, Baba."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Kona ilikuwa inakuja. Alikanyaga breki mara moja, kwa uzito wote, na mikanda ikamkaba binti kifuani. Kisha akaiachia breki taratibu, na gari likaanza kugeuka lenyewe kana kwamba lilikumbushwa tu. Alilipitisha karibu na ukingo, karibu kiasi kwamba binti aliona rangi iliyobanduka kwenye jiwe la ukingo, halafu akaliacha litoke pana, laini, bila mtikisiko. Viganja vyake vilikuwa vimeubana usukani kutoka pande zote mbili, vidole vimenyooka hewani bila kazi.

"Ningeweza kuacha pale pale," alisema. "Ningekwambia hapana. Nilikuwa na neno mdomoni."

"Kwa nini hukusema?"

Kwanza mzee aliimaliza sehemu nyingine iliyonyooka.

"Kwa sababu nilitaka hiki," alisema. "Nyamaza sasa, tuendeshe."

Waliendesha. Jambo baya, na binti alilijua kuwa baya hapo hapo, ni kwamba alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha kamili, isiyo na mwanya wa kupenyeza wazo. Hakuna aliyekuwa hatarini nje ya gari lile. Njia ilikuwa yao, bendera zilikuwa kijani, matairi yalikuwa mapya, na mtu aliyeshika usukani hakukosea hata kidogo. Kwenye kona ya mwisho, ile iliyompa baba yake jina, walipita wakiwa wameegemea upande mmoja kwa muda mrefu, mabega yao yakigusana, na mzee akacheka kwa sauti ambayo binti hakuwa ameisikia tangu siku walipotoka kwa daktari.

Waliporudi karakanani, mzee hakuomba kufunguliwa.

"Niacheni kidogo," alisema. "Injini ipoe."

Binti alivua helmeti, akashuka. Zamu ilikuwa ya Tani, ambaye alikwisha kufungwa mikanda kwenye gari jekundu lililokuwa kando, na ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Mkaguzi alijipanga mbele ya boneti. Alijihimiza kwamba hii iwe pumzi yake ya kila siku, si fupi, si ndefu.

Aliinua mkono, akaushusha.

Tani alifanya kila kitu kwa mpangilio mzuri. Alikuwa amefanya mazoezi, ilionekana. Usukani ulitoka, kifungo kikafunguka, mlango ukafunguka. Kisha kiwiliwili chake kikakwama kati ya kiti na nondo, akasukuma, akaminya tumbo, akatoa mguu mmoja. Alikuwa bado anavuta mguu wa pili wakati mkaguzi alipofika mahali pake na kupumua.

"Dereva hajatoka," alisema.

Desturi ilikuwa kwamba dereva ajibu, "Nimekubali." Tani hakujibu. Alimaliza kujitoa, akasimama, akivuja jasho, akavua helmeti.

"Dada mkaguzi," alisema, "kwa mzee ulikuwa na mapafu ya nyangumi. Kwangu yamekuwa ya kifaranga?"

Walioangalia walicheka. Mshika bendera naye alicheka. Tani mwenyewe alianza kucheka, kisha akaona uso wa mkaguzi, akaacha.

"Mimi nilisimama pale," alisema, taratibu sasa, "nikashika pumzi pamoja nanyi. Kimchezo tu, kama watoto. Ikaniishia, nikavuta nyingine, nayo ikaniishia, mzee bado yumo ndani. Nikasema moyoni, labda mimi mnene. Labda wenzangu wana kifua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Unajua nimeshindwa hapa mara ngapi? Nimewahi kulalamika? Mke wangu ananiambia wewe wanakuonea, mimi namwambia hapana, pale hawana upendeleo. Pale ukishindwa umeshindwa wewe."

Mkaguzi alisema, "Tani."

"Basi nipe na mimi. Kama ni ya kugawa, nigawie na mimi. Sina ubaya."

Alikuwa akisema kweli. Hakuwa na ubaya. Mkaguzi aliona kwamba angeweza kumpa. Neno moja tu, na yule mtu mwema angeingia garini akiwa na furaha na angekwenda kasi na mguu wake mmoja ukiwa umekwama. Na baada yake angekuja mwingine aliyesikia. Alifumbua mdomo bila kujua ni neno gani lingetoka.

"Njoo hapa mbele," alisema mzee.

Alikuwa angali ndani ya gari la kijivu, amefungwa vilevile, usukani mbele yake. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuwasimulia wageni.

"Nipime tena."

"Baba, umechoka."

"Aliyekwama kwenye moshi huwa hajapumzika. Njoo."

"Mwacheni jamani," alisema mama kutoka mlangoni. "Si amekwisha kuendesha? Mnataka nini tena kwake?"

"Mke wangu," alisema mzee, bila ukali, "naomba uniache."

Tani alitikisa kichwa. "Mzee wangu, sikumaanisha hivyo. Mimi nilikuwa natania tu."

"Hukuwa unatania."

Mkaguzi alisogea mbele ya gari la kijivu. Baba yake alimtazama machoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Usinipe hata chembe."

Aliinua mkono. Wakavuta pumzi. Mkono ukashuka.

Mzee aliuchomoa usukani kwa kiwiko, kwa shida zaidi ya mara ya kwanza. Aliiweka mikono kifuani, juu ya kifungo, na mikono ikabaki pale. Kwa kweli haikufanya kitu chochote. Ilikaa juu ya chuma kama iliyowekwa na mtu mwingine. Mkaguzi alimwona akiiangalia, akiihimiza, na yeye akafika mahali pumzi yake inapoishia, akapumua.

"Dereva hajatoka," alisema.

Mzee alikuwa bado ameinama. Kisha akaegemeza kichwa nyuma.

"Nimekubali," alisema.

Nje, gari la mgeni fulani lilipita kwenye sehemu iliyonyooka, likaacha mlio mrefu.

"Haya, nitoeni," alisema mzee.

Fundi alikifungua kifungo. Tani aliingiza mikono yake mikubwa chini ya makwapa ya mzee, binti akashika miguu, wakamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko walivyotarajia, na kwa sababu hiyo walikaribia kumbamiza kwenye nondo. Tani alimkinga kichwa kwa kiganja chake. "Samahani, Mzee," alikuwa akisema, "samahani, baba yangu, samahani," huku akimbeba hadi kwenye benchi, ambako alipiga goti mbele yake na kumvua helmeti kama anavyovuliwa mtoto kofia.

Mzee alimtazama binti yake. Binti alikuwa amevaa juu ya nguo zake fulana ya ukaguzi, ya rangi ya machungwa iliyofifia mabegani.

"Mpe fundi," alisema mzee.

"Mzee, mimi hapana," alisema fundi. "Mimi na spana zangu."

"Mpe fundi. Wewe na mimi tumemaliza hapa."

Aliivua. Fundi hakunyoosha mkono kuipokea, kwa hiyo aliikunja, akaiweka juu ya boneti la gari jekundu, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuichukua. Tani aliitazama, akatazama pembeni. Hakuna aliyeendesha tena siku hiyo. Mshika bendera alikwenda kuwaita walio njiani, mmoja mmoja.

Walirudi nyumbani kwa gari la familia. Binti aliendesha, mzee akiwa kando yake, mama kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa na magari ya jioni, ya watu waliotoka kazini, na kibao kilichoonyesha mwendo unaoruhusiwa kilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Binti aliufuata mwendo huo kikamilifu. Nyuma yao magari yalijipanga, yakaanza kupiga honi.

"Lakini aliendesha," alisema mama. "Angalau aliendesha."

Binti aliiangalia barabara. Mikono ya mzee ilikuwa juu ya mapaja yake, viganja juu, jinsi alivyoiacha mama alipomfunga mkanda. Kijana mmoja aliwapita kwa kasi, akawatupia neno dirishani, akatokomea. Honi nyingine ilipigwa, ndefu zaidi.

"Wapishe," alisema mzee.

Binti aliwasha taa ya pembeni, akasogea ukingoni mwa barabara, na magari yote yakawapita.